Pochi Niliyoificha Kichwani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukungu tangu alfajiri. Kiirua yote imemezwa. Barabara ya Nanyuki haionekani, magari yanasikika tu yakipita. Siku nzuri ya kuficha kitu.

Leo nimehamisha sarafu zangu zote. Zilikuwa kwenye lile soko la mtandaoni nilikozinunua, na ufunguo ulikuwa wao, si wangu. Sasa ziko kwenye pochi yangu mwenyewe, ndani ya simu. Pochi ya kidijitali, si ya ngozi. Nilipoifungua ilinipa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, kwa mpangilio wake, ikaniambia niyaandike na kuyaweka mahali salama. Ikaniuliza mara moja kama nimeyashika, nikaijibu sawasawa, ikaridhika. Simu ikipotea, mwenye maneno hayo anafungua pochi ileile kwenye simu nyingine yoyote. Asiye nayo ana kilio tu.

Sitayaandika. Karatasi huliwa na panya. Karatasi hulowa. Tena karatasi husomwa na wake. Karwirwa akianza kupanga nyumba hakuna kinachomponyoka. Akiuliza maneno haya ni ya nini, nitamwambia nini? Kwamba pikapu ya marehemu baba haiko gereji Embu ikingoja giaboksi? Kwamba iko Kanja ikibeba ndizi za mwanamume mwingine, na sisi sasa tuna bitcoin?

Nitamwambia siku bei ikipanda. Siku hiyo hatauliza.

Mchana nilipita kwa Mutwiri, binamu yangu, mwenye duka la mabati na misumari hapa sokoni. Yeye pia anazo sarafu. Alinionyesha tena kile kifaa chake kidogo kama flash, ambacho hakiunganishwi na mtandao mpaka atake. Anakiita pochi ya baridi. Yangu ya simu anaiita pochi ya moto, na anavyolitamka neno hilo utadhani anazungumzia nyumba inayoungua. Aliniuliza maneno yangu nimeyaweka wapi. Nikagusa paji la uso. Akanitazama kwa huruma. Sipendi huruma ya Mutwiri. Ameihifadhi tangu shule ya msingi ili anitolee mimi.

Kichwa ni sanduku zuri ukijua kulifunga. Nimegeuza kila neno kuwa picha, na picha zote nimezipanga katika hadithi moja. Hadithi ilihitaji mtu. Nimemchagua baba, kwa sababu sura yake haiwezi kunitoka. Baba anapanda ngazi. Mkononi ana kabichi. Juu ya paa la ghala anamkuta punda. Punda amevaa helmeti. Baba anawasha tochi, anafungua mwavuli, na kadhalika, hadi mwisho anapogeuka kutazama barabara.

Mengine siandiki hapa. Mimi si mjinga.

Jioni nimeirudia hadithi nzima ghalani nikichambua viazi. Kwa sauti, kwa Kimeru, mara nyingi. Iliniingia vizuri. Nilifika mahali nikawa namwona kabisa, koti lake la kijivu, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi. Nikaacha. Baridi ilikuwa imezidi.

Jumanne, 5 Agosti

Kisa cha ajabu kwenye chai ya asubuhi.

Mama anaishi nyumba ndogo ya mbao hapa uani, na dirisha lake linatazama ghala. Vya karibu havioni, uzi wa sindano hutungiwa na Karwirwa. Lakini vya mbali anaviona kuliko sisi sote. Leo aliingia jikoni, akaketi, akapuliza kikombe chake.

“Nimemwona baba yenu,” alisema, kama mtu anayesema amemwona mwuza maziwa. “Alikuwa anapanda ghala.”

Karwirwa akaweka sufuria chini polepole. Alimuuliza Mama alikuwa anapandaje.

“Kwa ngazi. Mwanamume wa umri ule angeruka?”

“Na alikuwa na nini mkononi, Mama?” nikauliza.

“Kabichi,” alisema. “Nikashangaa. Kabichi hakuwahi kuzipenda.”

Chai sikuimaliza. Nimekaa nikafikiri kama mtu aliyesoma. Mbao za ghala zina nafasi. Mama ana masikio. Jana nilihadithia kwa sauti, kwa lugha yake, naye alinisikia, kisha akaota. Basi. Hakuna la ajabu.

Hata hivyo nilitoka kwenda kutazama. Ngazi hakuna. Nilikuwa nimesahau kwamba ngazi yetu iliondoka na pikapu. Ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba siku ile, nami nikaona haya kumwomba mnunuzi aifungue.

Karwirwa alinikuta nimesimama pale nikitazama paa. Akaniuliza, “Baba Kendi, hiyo giaboksi inatoka Japani kwa miguu?” Nikamwambia vipuri vimekuwa adimu. Akasema sawa. Karwirwa akisema sawa kwa sauti ile, afadhali angepiga kelele.

Alasiri kwa Mutwiri tena. Alikuwa na wateja wawili wanapima nyaya, akaona hiyo ndiyo nafasi ya kunifundisha. Maneno yaandikwe kwa mkono, nakala mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Yasipigwe picha. Yasitumwe kwa simu. Asiambiwe mtu. Na kabla ya kuweka mali yote, mtu aweke kidogo tu, aifute pochi, ajaribu kuirudisha, ndipo aiamini. Wateja wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wao nao wana bitcoin.

Nikamwambia mimi naweza kuifuta yangu ikiwa imejaa na kuirudisha bila kutazama kitu chochote. Mbele yake. Mbele ya yeyote.

Akasema si lazima.

Nikamwambia kesho.

Jumatano, 6 Agosti

Ni aibu tupu. Naandika hivyohivyo.

Mutwiri alijaribu kunizuia. Hilo lazima niliseme kwa haki. Aliniambia, “Marete, mimi sitaki ushindi huu.” Lakini alikuwa amewapa watu viti. Nikakaa kwenye ndoo ya rangi, nikainua simu ili wote waone, nikaifuta pochi. Picha yake ikatetemeka kidogo ikatoweka. Mtu mmoja akacheka kwa woga.

Nikaipakua upya. Nikawapa mgongo. Nikafumba macho, nikamwita baba. Alikuja upesi, upesi kuliko nilivyopenda. Akapanda ngazi. Nikaandika. Akainua kabichi. Nikaandika. Punda, helmeti, tochi, mwavuli, na yale mengine, mpaka akageuka kutazama barabara. Maneno kumi na mawili, yote yamekaa kwenye vyumba vyake. Nikabonyeza.

Simu ikasema maneno si sahihi.

Nikarudia. Nikakagua herufi moja moja. Si sahihi. Nikageuza la nane na la tisa. Si sahihi. Watu wakaanza kukumbuka shughuli zao. Mmoja alisema ana ng'ombe, akaondoka. Mwishowe tukabaki mimi na Mutwiri na harufu ya rangi.

Hakunicheka. Ndilo lililoniumiza. Alifunga duka nusu mlango, akaniuliza kwa upole kama kuna nakala mahali popote, hata nusu. Hakuna. Akaniuliza mle ndani kulikuwa na nini.

“Pikapu,” nikamwambia.

Akaketi. Anaijua pikapu ile. Baba alimpeleka hospitali Meru nayo siku alipovunjika mguu, akiendesha katikati ya ukungu kichwa nje ya dirisha.

Akasema sarafu hazijaenda popote. Ziko palepale zilipo, kila mtu duniani anaweza kuona zipo, ila hakuna mkono wa kuzigusa. Alikuwa ananifariji. Lakini nimerudi nyumbani nikiwaza jambo hilo na sikulipenda. Kitu kipo na hakiguswi. Kinaonekana na hakijibu.

Giza lilipoingia Mama alikuwa dirishani mwake. Nilimsalimu. Hakunitazama mimi, alitazama juu yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Ukungu haujaondoka. Majirani wanasema Agosti ni hivyo. Agosti si hivyo.

Nimejaribu tangu chai hadi chakula cha mchana. Nimebadilisha mwavuli kwa mvua. Nimebadilisha barabara kwa njia. Hakuna. Ubaya ni kwamba maneno yote nayaona sawa. Kama kuna mwongo kati yao, amesimama kwenye mstari na uso mtulivu kama wenzake.

Nikaenda ghalani nifikirie pale nilipoanzia. Ndipo nikaona chini. Kwenye tope, chini ya ukingo wa paa, kulikuwa na matundu mawili, sambamba, yamezama kama yanavyozama miguu ya ngazi yenye mtu mzito juu. Nikainama nikayapima kwa kiganja. Nafasi kati yake ni ya ngazi yetu. Naijua, niliitengeneza na baba, kipande cha tatu nilikipigilia mimi na kimepinda.

Na juu ya mabati, jani la kabichi. Bichi.

Nikamwita Karwirwa aje aone. Alikuja akifuta mikono, akatazama matundu, akatazama jani, akasema kabichi zetu zinaibwa shambani na angependa kujua mume wake anafanya nini badala ya kulinda. Matundu alisema ni ya uma wa kuvunia viazi. Uma wetu una meno manne. Sikumwambia. Sikutaka kubaki peke yangu na hesabu hiyo.

Mama hakutoka leo. Nilimpelekea uji. Nikamuuliza, kwa njia ya mzunguko, kama amemwona tena.

Akasema yupo kila ukungu ukishuka. Amesimama juu pale na mwavuli. Hashuki.

“Kwa nini hashuki?”

“Anatazama barabara,” Mama alisema. “Anangoja gari lake limchukue. Wewe si ulisema liko karibu kupona?”

Nikasema liko karibu. Nikatoka, na uji nikatoka nao mkononi.

Karibu na saa ya kukama nilipata wazo. Kuna mtaalamu anaitwa Njuki, yuko Kanja, kule Embu, ana picha za watu walioshukuru kwenye ukurasa wake. Anarudisha pochi zilizopotea. Nimempigia. Sauti tamu. Kesho naenda Embu. Karwirwa nimemwambia naenda kuharakisha giaboksi. Akasema sawa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimerudi. Nimekaa jikoni na koti mwilini.

Njuki ana chumba nyuma ya duka la dawa, pazia badala ya mlango. Kijana nadhifu, shati jeupe, kucha safi. Akaniambia nisiwe na aibu, hata madaktari humjia. Akageuza kompyuta yake kunielekea, akaniomba niandike maneno yangu yote. Nikakumbuka la Mutwiri, asiambiwe mtu. Lakini daktari unamwonyesha kidonda, la sivyo umeenda kufanya nini? Nikayaandika yote. Akayasoma midomo ikicheza. Akasema neno moja tu ndilo bovu, na mashine yake italitafuta moja moja hadi lipatikane. Nimwachie siku chache. Hakutaka hata malipo ya kwanza. Nilimwona mtu mwema sana.

Nikatoka nimechangamka. Kulikuwa na manyunyu, na watu wa Kanja wamejikinga chini ya vibaraza. Ndipo nikaisikia. Ule mlio wa kukohoa inapobadilishwa gia ya pili. Nimekua nao, naujua kuliko sauti yangu.

Pikapu ya baba ikaja polepole barabarani, imejaa ndizi hadi juu. Ngazi yetu imefungwa juu ya ndizi, kipande cha tatu kimepinda. Mlangoni bado limeandikwa jina la baba na namba ya simu kwa rangi nyekundu, mnunuzi hajafuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiendesha. Na kando yake alikaa mzee mwenye koti la kijivu, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi. Kioo cha upande wa dereva kilikuwa na mvuke wa pumzi. Cha upande wa mzee kilikuwa safi.

Ilipopita mbele yangu mzee aligeuza kichwa. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alinitazama kama mtu anayesoma bango la mahali ambapo hashuki.

Niliifuata kwa miguu hadi ilipoegeshwa sokoni. Mnunuzi akashuka peke yake, akafurahi kuniona, akaisifu pikapu, haijamsumbua hata mara moja. Nikamuuliza abiria wake ameenda wapi.

“Abiria yupi?” akasema. “Mimi nabeba ndizi tu, bwana. Kiti kile hata hakikaliki, springi imetoboka.”

Akanifungulia mlango nione. Kweli springi imetoboka. Juu ya kiti kulikuwa na jani la kabichi. Nilimuuliza kama amenunua kabichi leo. Alinitazama, kisha akaanza kufunga mlango kwa adabu.

Sikula njiani. Nilipofika nyumbani Karwirwa aliuliza habari za giaboksi. Nikasema inakuja. Akaniwekea chakula, akakaa mbele yangu, akanitazama nikila mpaka mwisho. Alikuwa kama anangoja kitu. Sikujua ni nini, kwa hiyo nikasifu mukimo.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku kubwa. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Mama aliniita dirishani mwake. Ukungu ulikuwa umefunika ghala, paa tu lilikuwa linaelea. Akanishika mkono, vidole vyake vya baridi. Akasema nitazame, yupo. Nikatazama. Sikuona kitu, na nywele za mikono zikasimama kana kwamba zenyewe zinaona.

Nikamwambia anieleze, taratibu, kuanzia chini. Akaeleza. Ngazi. Kabichi. Nikawa nahesabu kimoyomoyo. Kisha akasema yuko na tumbili.

“Punda, Mama,” nikamrekebisha. “Amekutana na punda.”

Alinigeukia. Kwa mara ya kwanza wiki hii alinitazama mimi.

“Marete, wewe nilikuzaa ukiwa na akili. Punda atapandaje ghala? Ni tumbili. Ameketi miguuni pake na kitu kichwani kama sufuria.”

Kwa Kiingereza punda na tumbili ni majina yanayofanana sauti, herufi moja tu ya mbele ndiyo inayowatenganisha. Nilikimbilia jikoni, nikachukua simu, nikaandika yote, na mahali pa punda nikaweka tumbili. Nikabonyeza.

Pochi ikafunguka. Yote yamo. Nimeketi sakafuni karibu na magunia, nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Nimerudi kusoma nilichoandika Jumatatu. Niliandika punda. Ghalani nilisema punda, siku zote, kwa sauti. Mama hangeweza kulisikia neno tumbili kwangu kwa sababu mimi sikulisema kamwe. Ni kweli tumbili wa msituni hutuibia kabichi, huenda yupo mmoja huko juu ya mabati. Nimejiambia hivyo. Naendelea kujiambia.

Nilikwenda mbio kwa Mutwiri kumwonyesha, si kwa shukrani, kwa ushindi. Alifurahi kweli. Akaniuliza nani mwingine anayajua maneno hayo. Nikasema Mama. Na Njuki. Uso wake ukabadilika. Akaniuliza polepole, kana kwamba naweza kuvunjika, kama nilimwachia mtu huyo maneno yote.

“Moja lilikuwa bovu,” nikasema.

“Mashine haingoji hata chai ichemke kupata moja,” akasema. “Pochi ile si yako tena. Ni ya anayefika kwanza. Fungua mpya sasa hivi, hapahapa.”

Sijawahi kumwona Mutwiri akiharakisha hivyo. Alinishikia simu mwenyewe. Tukafungua pochi mpya, ikatoa maneno mapya kumi na mawili. Tukatuma sarafu kutoka ya zamani kwenda mpya. Tukangoja ithibitishwe. Mteja akaja kutaka misumari, Mutwiri akamwambia hakuna misumari, ilhali alikuwa ameikalia. Hatimaye ikathibitishwa. Ya zamani ikabaki tupu.

Nilikuwa bado natazama kioo simu ilipotetemeka. Ujumbe wa Njuki. Haukuwa na salamu.

Ulisema: Tumbili, sivyo?

Mutwiri aliusoma akichungulia begani kwangu. Kisha akaenda akamwuzia yule mtu misumari yake.

Kabla sijaondoka alinipa kalamu na vipande viwili vya bati laini, anavyotumia kwa vibandiko vya bei. Akaniomba nichore yale maneno mapya, kipande kimoja nikae nacho, kingine nikiweke kwa mtu ninayemwamini. Nikampa ahadi. Nilivirudisha kaunta alipogeuka. Mtu hapewi somo mara mbili na mtu yuleyule.

Nyumbani nikamkuta Karwirwa mlangoni pa ghala. Nikaamua kumwambia giaboksi imefika. Akaniwahi.

“Baba Kendi, ile namba iliyoandikwa kwenye mlango wa pikapu ni yangu,” alisema. “Baba aliiandika yangu kwa sababu yako ulikuwa unaizima. Watu wa Kanja wananipigia tangu mwezi uliopita. Wanataka niwabebee ndizi.”

Alieleza bila kupaza sauti kwamba alikuwa anangoja nimwambie. Jana alingoja hadi nikamaliza kula. Akasema haulizi nilinunua nini. Anataka kitu kimoja, niuze nilicho nacho, nimfuate yule mnunuzi, pikapu ilale hapa uani. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya Mama, ambaye kila jioni anamsikia akimwambia mtu hewani avumilie kidogo.

Nikamshika bega. Nikamwahidi. Na pale niliposimama nilimaanisha, kila neno.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani niliimba vizuri. Moyo mwepesi. Baada ya ibada nilikaa kwenye nyasi nikafungua simu ili niuze, kama nilivyoahidi.

Bei ilikuwa imeshuka kidogo.

Kuuza leo ni kumtukana marehemu. Nimemweleza Karwirwa kwamba pikapu itarudi, ila kufikia Krismasi bei itakuwa imepanda, na tutaikomboa na kubakiwa na pesa za kuitengenezea kiti. Hakusema sawa. Alivua kitambaa chake cha kanisani, akakikunja mara nyingi mpaka kikawa kidogo sana, akaenda kwa Mama na kufunga mlango.

Nimetumia alasiri kwa kazi ya maana. Maneno mapya lazima yawe na hadithi mpya. Nimekaa nikachunguza kosa la ile ya kwanza na nimelipata. Kosa lilikuwa baba. Marehemu hana uaminifu, anajiendea anakotaka, anaongea na watu. Hadithi inahitaji mtu aliye hai, mtu ninayemdhibiti, ambaye sura yake naiona kila siku kwenye kioo.

Safari hii nimejiweka mimi. Natoka ghalani. Mkononi nina kengele. Nafuata uzio. Mengine siandiki. Nimeirudia ndani ya ghala mpaka ikashika, kimyakimya safari hii, midomo imefungwa, hivyo hakuna wa kusikia.

Jumatatu, 11 Agosti

Ukungu umeanza kupungua. Paa la ghala linaonekana lote, mabati makavu, hakuna kitu. Nilipomuuliza Mama kuhusu baba alisema ameondoka, jana jioni, gari lilimpitia. Alilisikia likikohoa barabarani. Nikashusha pumzi. Jambo limekwisha lenyewe bila gharama. Nilijua.

Tulikunywa chai watatu. Karwirwa hakunisemesha lakini alinimiminia. Mama alikuwa ameketi akitazama nje ya mlango, kuelekea uzio wa chini, ambako ukungu bado ulikuwa mzito.

“Mama Kendi,” alimwambia Karwirwa, “mwite Marete aje anywe chai. Anazunguka uzio tangu alfajiri na kengele yake. Atashikwa na baridi.”

Karwirwa alinitazama. Nilikuwa nimekaa kati yao, kikombe mkononi.

“Marete yuko hapa, Mama,” alisema.

Mama aligeuka, akanichunguza kuanzia kofia hadi viatu, kwa muda, kwa adabu, kama anavyomchunguza mgeni aliyeletwa na mtu mwingine. Kisha akatazama tena nje, akapunga mkono.

“Haya,” alisema. “Na huyu mpeni chai.”

Nimefikiria jambo hili asubuhi yote na nimeridhika. Kengele ameiona. Uzio ameuona. Mutwiri na mabati yake wanaweza kukaa huko sokoni. Nina nakala ya pili, iko nyumba nyingine, kwa Mama, na hakuna mwizi atakayeitafuta humo.